Karatasi Chini ya Tangi

Watu wa soko hili husema Rwamba ana roho ya mamba. Waongo. Mamba hula akiwa na njaa. Mimi yale niliyomfanyia Karwirwa niliyafanya nikiwa nimeshiba, nimevaa koti safi, na nimetoka kunywa chai ya maziwa. Nayasimulia mwenyewe kwa sababu wengine wanayasimulia vibaya, na kama ni kusemwa, heri nisemwe sawasawa.

Mimi ni fundi wa vioo. Nilitoka Kanja, upande wa Embu, nikaja Meru mjini nikiwa bado sijaota ndevu, na baadaye nikamleta mdogo wangu, Kithaka. Tulikuwa na vibanda viwili vya mabati mbele ya hoteli ya Mzee Mbarak, kwenye ploti yake, changu kulia na chake kushoto. Kithaka alimwoa Karwirwa, msichana wa Kimeru, akakaa naye miaka mitatu, kisha homa ya mapafu ikamchukua. Mazishi yalipokwisha nilichukua baiskeli yake na jiwe lake la kusugulia kingo za vioo. Nani mwingine angevichukua? Lakini Karwirwa alipanda gari mpaka Kanja akanishtaki kwa wazee wa ukoo.

Wazee walikaa, wakakohoa, wakanitoza mbuzi mmoja. Mbuzi akachinjwa, tukamla pamoja. Karwirwa ilibidi apokee nyama kutoka mkononi mwangu mbele ya watu wote, aitafune, aimeze, ili ionekane mambo yamekwisha. Nakumbuka alitafuna muda mrefu sana. Mambo yakaisha, na baiskeli ikabaki kwangu.

Yeye alibaki na kitu kimoja tu, kikatio cha Kithaka chenye ncha ya almasi, kile tunachokwaruzia kioo kabla ya kukivunja kwa mstari. Nilidhani atakiuza. Wapi. Alifungua kibanda cha kushoto, akafunga lesu kiunoni, akaanza kukata vioo kana kwamba alizaliwa navyo. Alikuwa amemtazama mume wake akifanya kazi miaka mitatu bila kusema neno, kumbe anaiba ufundi kwa macho. Hata alama ya Kithaka aliichukua, ile K ndogo ambayo marehemu alikuwa akiikwaruza pembeni mwa kila kazi yake.

Hilo liliniuma, sitaficha. Wateja walianza kupita mlangoni kwangu wakielekea kwake, na wakirudi wananiambia, eti bila ubaya, kwamba kioo cha Mama Mukiri kinaingia kwenye fremu bila kuongezwa lami ya kuziba mianya. Mukiri ndiye mtoto wa Kithaka na Karwirwa. Mimi nilikuwa nikitabasamu na kuwaambia Mungu ni mkubwa.

Basi mwaka wa tisini na moja Mzee Mbarak akaanza kujenga nyumba ya ghorofa tatu kule Kaaga, ya kupangisha walimu. Madirisha sitini na mawili. Mbarak alianza na bucha moja, na mtu aliyeanza na bucha hanunui kitu kabla hajakigeuza pande zote. Alituita sote wawili, mimi na Karwirwa.

"Nimeona Nairobi, kwenye benki, tangi la kioo lenye samaki," alisema. "Nalitaka hapa hotelini. Mtu akingojea pilau atazame samaki, asinipigie kelele."

"Mzee, Wameru wa mlimani na samaki wapi na wapi?" nikamwambia. "Watadhani ni nyoka."

"Watazame nyoka basi. Karwirwa atalijenga, nimpime. Likishika maji, atachukua madirisha ya Kaaga na atabaki kwenye ploti yangu. Lisiposhika, wewe Rwamba utachukua madirisha, na yeye atatoa mabati yake. Mafundi wawili wa kioo mlango mmoja nimechoka nao, mnagombana kama kuku."

Karwirwa aliuliza nani atakayeamua kama tangi linashika au linavuja.

"Rwamba," Mbarak alisema. "Ndiye mkubwa wa kazi hii mjini. Na wewe ni mke wa ndugu yake. Mtu wa nyumba yako hawezi kukuonea."

Karwirwa alinitazama. Nikainamisha kichwa kwa heshima.

Alilijenga tangi hilo kwa siku nne. Nilikuwa nikilichungulia kupitia tundu la mabati, na nasema kweli, nilitafuta kosa mpaka macho yakaniuma. Aliunganisha pembe kwa gundi ya silikoni, akailainisha kwa kidole chenye sabuni, kisha akaliacha likauke siku saba. Gundi ile mbichi hunuka siki. Kila asubuhi alikuwa akitia kichwa ndani ya tangi, ananusa, anatoka. Siku ya saba hakusikia siki tena, ndipo akaomba vijana wa bucha ya Mbarak wambebee mpaka hotelini.

Mbarak alitaka likae mahali pale pale litakapokaa siku zote, kwenye meza nzito karibu na dirisha la jikoni, wateja waone. Karwirwa alisawazisha meza kwa pimamaji. Akatandika magazeti makavu chini ya tangi, karatasi nne nne, kingo zikitokeza nje. Akajaza maji ya mfereji ndoo kwa ndoo, theluthi moja, anangoja, theluthi nyingine, anangoja. Lilipojaa akabandika kipande cha selotepu palipofika maji.

"Asubuhi mpaka asubuhi," alisema. "Maji yasiposhuka na karatasi isipolowa, ni tangi."

Sasa, mgeni wa hapa afahamishwe jambo moja. Ule ulikuwa mwezi wa saba. Mwezi wa saba Meru jua halionekani, ukungu unakaa mpaka saa tano, na maji ya mfereji yanatoka mlimani yakiwa baridi ya kuuma meno. Na jiko la hoteli linawashwa saa kumi alfajiri. Mwanarusi, mpishi wa Mbarak, anaweka githeri, maharagwe na sufuria mbili kubwa za chai, na mvuke wote unatokea kwenye lile dirisha.

Kesho yake nilifika mapema kuliko wote. Tangi lilikuwa limelowa nje. Matone yamejaa kwenye kioo chote, hata katikati kabisa ambapo hapana kiungo, yanateremka taratibu mpaka kwenye magazeti, na magazeti yamelowa chepechepe. Nilipitisha kidole kwenye pembe zote nne. Zilikuwa salama. Nikainama nikaangalia selotepu. Maji yalikuwa sawasawa na selotepu, hayajashuka hata unene wa ukucha.

Lilikuwa jasho tu. Kioo baridi kikikutana na mvuke hutoka jasho. Fundi wa miaka ishirini anajua hivyo, na mimi nilijua. Mtu angeweza kulipanda na kuimba juu yake, tangi lile lisingevuja.

Nikabandua selotepu, nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa koti.

Karwirwa alikuja amevaa kitambaa cha kanisani kichwani, kama mtu anayekwenda kubarikiwa. Mbarak akaja nyuma yake. Akavuta gazeti moja, likakatika mkononi kwa maji.

"Rwamba," alisema, "hii ni nini?"

"Mzee, mimi natamani nisiseme," nikamwambia, "kwa sababu huyu ni wa nyumba yangu. Lakini karatasi ndiyo shahidi. Linavuja."

"Haiwezekani," alisema Karwirwa. Alipiga magoti akatafuta. "Selotepu iko wapi? Niliibandika hapa."

"Selotepu na maji wapi na wapi? Imejibandukia. Na hata ingekuwapo, fundi haamini utepe, anaamini karatasi."

Mwanarusi alitoa kichwa kwenye dirisha la jikoni, mikono ina unga. "Lakini Mzee, hata ile jagi yangu ya maji ikikaa hapa asubuhi hulowa nje hivyohivyo. Na haina tundu."

Nilimwona Karwirwa akiinua uso, akaitazama jagi, akalitazama tangi. Alikuwa hajawahi kujenga tangi kabla ya hilo. Jambo lilikuwa linamwingia pale pale. Sikumpa nafasi.

"Mwanarusi," nikasema, "rudi kwenye chapati zako. Siku nikitaka kujua habari za jagi nitakuita."

Vijana wa bucha wakacheka. Mwanarusi akarudisha kichwa ndani.

"Mzee, naomba siku moja tu," Karwirwa alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka na nilifurahi kuisikia. "Tubadilishe karatasi. Tubandike utepe mwingine. Tungoje kesho."

"Tangi likivuja asubuhi ya kwanza, asubuhi ya pili hupasuka," nilisema, tena kwa upole, kama mwalimu. "Mzee, fikiria wateja wako wamekaa hapa na watoto. Maji yote haya na vioo miguuni. Tangi linalovuja halirekebishwi. Huvunjwa."

Mbarak alifikiria wateja wake. Akamwambia Karwirwa atoe mabati yake kabla ya Ijumaa. Karwirwa alinishika koti, mbele ya watu, akaniita Baba Kiende, jina la binti yangu, jina la heshima. "Baba Kiende, mwambie. Wewe unajua. Mukiri atakula nini?"

"Atakula kazi ya mama yake," nikasema, "kama inaliwa."

Najua. Nimesema nitasimulia sawasawa.

Kuhusu kulivunja, nilimwambia Mbarak asijisumbue, nitaondoa takataka hiyo mwenyewe. Nilimwaga maji, nikalifunika kwa magunia, nikalibeba kwa mkokoteni mpaka stoo yangu. Kwa sababu Mbarak bado alitaka samaki wake, na akanipa mimi kazi hiyo, na kwa nini nijenge tangi wakati ninalo zuri kuliko ambalo ningejenga? Nilipaka silikoni nyeusi juu ya ile yake nyeupe. Nikalivalisha fremu ya msonobari juu na chini, nikaipiga rangi ya buluu. Kitu kimoja tu kilinishinda, ile K ndogo kwenye pembe. Mkwaruzo wa almasi haufutiki. Nikapanga upande huo uelekee ukutani.

Na Karwirwa? Nilimwajiri. Ndiyo, mimi. Alikuwa amekosa kazi, nikampa ya kunibebea maji na kufuta vumbi kwenye vioo, kwenye kibanda chake mwenyewe, ambacho Mbarak aliniachia kabla hakijabomolewa na ambamo sasa nilikuwa nimepanga mbao zangu. Alikubali bila kunitazama usoni. Watu wakasema Rwamba ana moyo, hakumtupa mke wa marehemu.

Wiki tatu baadaye tulipeleka tangi hotelini. Nilimwomba Mbarak tuliweke upande wa mlangoni, mbali na jiko. Akakataa, mahali pake ni pale pale. Nikasema sawa. Nilikuwa na mpango. Nitakuja alfajiri kabla Mbarak hajatoka msikitini, nifute jasho, nibadilishe magazeti, basi. Selotepu sikuweka. Ningewekaje, na nilikwisha kusema fundi haamini utepe?

Karwirwa ndiye aliyemimina maji. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tano. Kwenye ndoo ya mwisho alizunguka upande wa ukutani ili amimine vizuri, akainama pale pembeni. Ndoo ikasimama. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha maji yakaendelea kumiminika, taratibu, bila kumwagika hata tone.

"Imetosha, Baba Kiende," alisema. Akachukua ndoo akaenda zake. Nikajiambia hakuiona ile K.

Alfajiri ya kesho yake nilitembea upesi na kitambaa kikavu mfukoni. Nilipoingia hotelini taa zilikuwa zinawaka. Mbarak alikuwa amesimama mbele ya tangi na kofia yake ya msikitini, na Karwirwa kando yake. Karwirwa alikuwa amemngojea mlangoni mwa msikiti, akamleta moja kwa moja. Tangi linatiririka jasho. Gazeti lililolowa liko mkononi mwa Mbarak.

"Karwirwa ameniambia nije nione kazi ya shemeji yake," Mbarak alisema. "Nimeiona."

"Mzee, hiyo si kuvuja. Hilo ni jasho."

"Jasho." Mbarak aligonga kioo kwa kidole. "Limelima wapi?"

"Ni baridi ya maji na mvuke wa jiko. Muulize Mwanarusi. Mwanarusi, mweleze Mzee habari ya ile jagi."

Mwanarusi hakutoa hata kichwa. Tulisikia tu sauti yake kutoka ndani. "Mimi ni mtu wa chapati. Mambo ya vioo siyajui."

"Mzee, tubadilishe karatasi," nikasema. "Tungoje siku moja tu."

Nilijisikia nikiyasema maneno yale. Na Karwirwa aliyasikia. Hakutabasamu, laiti angetabasamu.

Mbarak alimgeukia. "Rwamba anasema ni jasho. Kila fundi hutetea kazi yake, na mimi sijui kioo, najua nyama. Wewe unajua kioo. Na ni mtu wa nyumba yake, huwezi kumwonea. Sema. Ni jasho au linavuja?"

Nikajua nimekwisha. Angezunguka nyuma, aweke kidole kwenye ile K, aseme: tangi hili ni langu, ni lile lile, ni jasho leo na lilikuwa jasho siku ile. Nilianza kutayarisha maneno. Shetani alinipitia, Mzee. Mambo ya ukoo, Mzee, tutayamaliza nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kumwona mbuzi. Wazee wa Kanja wangekaa, wangekohoa, wangenitoza mbuzi mmoja, pengine wawili. Karwirwa angepokea nyama kutoka mkononi mwangu, angetafuna, angemeza. Na mimi ningebaki Rwamba, mwizi kidogo, lakini fundi. Nilivuta pumzi, nikakaribia kumshukuru Mungu.

Karwirwa alipitisha kidole kwenye pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne, ile ya ukutani, alikawia kidogo. Akarudi akasimama mbele ya Mbarak.

"Linavuja, Mzee," alisema.

Kila neno la kujitetea lingenipeleka kwenye ile K.

"Linaweza kurekebishwa?" Mbarak aliuliza.

"Tangi likivuja asubuhi ya kwanza, asubuhi ya pili hupasuka," alisema, kwa upole wangu ule ule. "Halirekebishwi. Huvunjwa. Baba Kiende ndiye aliyenifundisha."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mwizi husamehewa. Hata muuaji, huko kwetu, ana mifugo anayotoa, mambo yakaisha. Lakini fundi ambaye kazi yake inavuja, mbuzi wake ni nani? Angesema kweli angepata tangi lake, pengine na madirisha yake, na mimi kando yake maisha yote nikimwita mke wa ndugu yangu. Alikwisha kuionja nyama hiyo mara moja. Hakuitaka tena, hata kwa madirisha sitini na mawili.

Mbarak alitupa gazeti sakafuni. "Mmenichosha ukoo mzima. Madirisha nitampa fundi wa Embu. Na wewe Rwamba, Ijumaa mabati yako yasiwepo. Livunjwe hili, samaki sitaki tena."

Vijana wa bucha walimwaga maji na kulibeba tangi mpaka nyuma ya hoteli. Mtu akaleta nyundo. Nilidhani watanipa mimi, lakini Karwirwa alinyoosha mkono akaichukua.

"Baba Kiende," alisema, "nishikie karai vipande visitawanyike."

Nikamshikia. Alianza na kioo cha mbele, kisha cha pembeni. Alipiga pigo moja moja, bila hasira, kwa mkono wa mtu anayejua kioo kinakatikia wapi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kuona mjini hapa, na aliivunja yote. Kati ya pigo na pigo nilimwona machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Mwisho aliinama, akatafuta ndani ya karai, akapata kipande cha pembe ya ukutani. K ilikuwa bado nzima juu yake. Akakitia kwenye mfuko wa koti langu, mle mle nilimotia selotepu.

"Mbuzi wa safari hii," alisema, "utamla peke yako."

Alichukua kikatio chake, akamchukua Mukiri, akateremka Siakago. Nasikia anaweka vioo kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali huko. Mimi nauza mkaa. Watu wakinunua huniuliza kama gunia langu halivuji, na mimi huwapimia.